Kreni za Baharini: Historia Inamjua Aliyejenga, Haimjui Anayepaka Grisi

Mwezi wa Septemba 2019, meli moja inayoitwa Sleipnir iliinua kitu cha tani 15,300 kwa mpigo mmoja katika Bahari ya Mediterania. Ilikuwa sehemu ya juu ya jukwaa la gesi la Leviathan, nje ya pwani ya Israeli. Ukichukulia kwamba matatu ya abiria 14 ina kama tani mbili, hizo ni matatu zaidi ya elfu saba, zote zikining'inia kwenye kamba za chuma juu ya maji. Nilitengeneza video fupi kuhusu siku hiyo na watu wakaipenda sana. Mmoja akaniambia, "Manze, Wazungu ni wachawi." Meli yenyewe iliundwa Singapore, kwa hivyo kama ni uchawi, basi wachawi ni wengi na wametoka pande nyingi.

Maswali yote niliyoulizwa yalikuwa ya aina moja. Inabeba ngapi? Iligharimu pesa ngapi? Nani alijenga? Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza swali ambalo mimi naona ndilo kubwa kuliko yote: nani huangalia zile kamba?

Mimi nilisoma uhandisi wa mitambo kwa miaka miwili, halafu karo ikaisha na masomo yakaishia hapo. Tangu wakati huo nimekuwa nikisoma historia ya mashine peke yangu na kuwaelezea nyinyi kwa lugha yetu. Na kadiri ninavyosoma kuhusu kreni za baharini, ndivyo ninavyoona kwamba historia yake tunaisimulia vibaya. Tunaisimulia kama mashindano ya ukubwa: tani 300, tani 3,000, tani 10,000. Ukiifuata kwa makini utaona mambo mengine. Kila hatua ya ukubwa ilifanikiwa au ilianguka kwa sababu ya kitu kidogo, na kwa sababu ya mtu fulani aliyekiangalia au hakukiangalia.

Wacha nianze mbali kidogo na bahari, ndani ya migodi ya Ujerumani.

Miaka ya 1830, migodi ya milima ya Harz ilikuwa inapandisha madini kwa minyororo ya chuma. Shida ya mnyororo unaijua hata wewe uliyewahi kufunga lango la boma. Pete moja ikivunjika, mnyororo wote umekwisha, na haukuambii mapema. Leo uko sawa, kesho umekatika na mzigo uko chini. Wilhelm Albert, afisa wa migodi huko Clausthal, aliichoka hali hiyo. Mwaka wa 1834 akatengeneza kamba kwa kusokota nyaya za chuma: vishikizo vitatu, kila kimoja kikiwa na nyaya nne, kila waya unene wa milimita 3.5. Kamba hiyo ikaanza kufanya kazi mgodini.

Watu husema faida ya kamba ya Albert ilikuwa nguvu. Kwangu mimi faida kubwa ni kwamba inatoa onyo. Waya mmoja unakatika, zile nyingine zinashikilia. Halafu wa pili. Mtu mwenye macho na kitambaa mkononi anapita, anahesabu nyaya zilizokatika, anasema kamba hii imezeeka, iondolewe. Mnyororo ulikuwa hausemi kitu, kamba inasema. Lakini kusema bila msikilizaji kuna faida gani? Tangu 1834, kazi ya kuinua mizigo imekuwa na watu wawili: anayeinua, na anayesikiliza kamba.

Miaka kumi na mbili baadaye, mwaka wa 1846, wakili mmoja wa Newcastle, Uingereza, anayeitwa William Armstrong, alifanya kreni ya gati iendeshwe kwa nguvu ya maji ya bomba ya mji. Ndiyo, wakili. Aliacha sheria akaenda kwa mashine, na mwaka uliofuata akafungua kiwanda. (Nyinyi mnaoniuliza kila siku kama mtu bila digrii ya uhandisi anaweza kuongea kuhusu mashine, hilo ndilo jibu langu.) Kutoka kwake tukapata wazo la kusukuma vitu vizito kwa maji au mafuta yaliyobanwa, ile tunayoita haidroli. Kreni nyingi za baharini leo zinaendeshwa hivyo. Na haidroli nayo ikaleta mtoto wake wa kulea: sili za mpira zinazochakaa, mabomba yanayovuja, mafuta yanayoingia maji. Kila uvumbuzi huja na kazi mpya ya matunzo. Hiyo hawaandiki kwenye sherehe.

Sasa tuingie baharini.

Mwaka wa 1947, kampuni ya Kerr-McGee ilichimba kisima cha mafuta kinachoitwa Kermac 16 katika Ghuba ya Mexico, nje ya Louisiana. Kinakumbukwa kama kisima cha kwanza chenye mafuta kuchimbwa mbali kiasi kwamba nchi kavu haionekani. Maji yenyewe yalikuwa mafupi tu, kama mita sita, na walitumia vyombo vilivyobaki kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Biashara ikakua haraka. Majukwaa yakaongezeka, na kila jukwaa linahitaji chakula, mabomba, simiti, watu. Vyote hivyo vinaletwa kwa meli ndogo, na lazima kuwe na mkono wa kuvipandisha juu.

Mwanzoni walifanya kile ambacho sisi sote tungefanya. Walichukua kreni za nchi kavu wakaziweka baharini. Kreni ni kreni, si ndio?

La. Hapa nataka uelewe vizuri, kwa sababu ndipo kreni ya baharini inapoachana na ndugu yake wa mjengo.

Kwenye mjengo, mzigo umekaa chini na chini haisogei. Opareta anakaza kamba polepole, mzigo unanyanyuka. Baharini, mzigo uko juu ya meli ndogo inayopanda na kushuka na mawimbi. Fikiria umeshika mkono wa mtu aliye ndani ya mashua, wewe umesimama gatini. Wimbi likishusha mashua ghafla, hushikilii uzito wake tu. Bega lako linavutwa kwa kishindo. Kreni inapata kishindo hicho hicho. Mzigo wa tani tano unaweza kuisumbua kama mzigo mzito zaidi. Ndiyo maana kreni ya baharini haina namba moja ya uwezo. Ina jedwali, na mawimbi yakipanda, uzito inaoruhusiwa kuinua unashuka. Kreni ile ile, siku ile ile, asubuhi inaweza kuubeba mzigo fulani na alasiri ikakatazwa.

Halafu kuna hatari nyingine mbaya zaidi: kulabu ikinasa kwenye meli yenyewe. Meli ikisukumwa na wimbi, sasa kreni imefungwa kwa kitu cha mamia ya tani kinachoondoka. Kwa sababu hiyo kreni nyingi za siku hizi zina kinga ya pekee. Nguvu ikizidi kiwango fulani, dramu inaachilia kamba itoke, ili kreni isin'golewe kutoka kwenye nguzo yake na opareta akiwa ndani.

Ongeza chumvi. Sisi watu wa bara hatujui chumvi inavyokula chuma. Uliza mtu yeyote wa Mombasa mwenye mabati karibu na ufuo. Kamba ya chuma baharini huoza kuanzia ndani, pale grisi ilipokauka na maji yakaingia katikati ya nyaya. Nje inang'aa, ndani ni unga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, taasisi ya mafuta ya Marekani, API, ilitoa kanuni maalumu za kreni za baharini, zinazojulikana kama 2C. Ilikuwa ni kukubali rasmi kwamba kreni ya bahari ni mnyama tofauti na kreni ya bara.

Kutoka hapo zikapatikana koo kadhaa, na nitazieleza kwa vile zinavyougua, kwa sababu ndivyo fundi anavyozijua.

Ya kwanza ni kreni ya mkono wa wavu, ule uliotengenezwa kwa mabomba membamba yaliyounganishwa kama mnara wa simu uliolazwa. Mkono unapandishwa na kushushwa kwa kamba. Ni nyepesi na inafika mbali. Ugonjwa wake ni kwamba una kamba nyingi na makapi mengi, na bomba moja likigongwa na mzigo likabonyea, mkono wote umepoteza nguvu hata kama unaonekana sawa kwa mbali. Fundi mzuri hupita bomba kwa bomba.

Ya pili ni ya mkono mnene kama sanduku, unaosukumwa na mitungi ya haidroli. Kamba ni chache. Lakini sasa maisha yako yako kwenye sili na kwenye fimbo inayong'aa ya mtungi. Chumvi ikiitoboa fimbo kidogo tu, kila inapoingia na kutoka inachana sili, na mafuta yanaanza kuvuja.

Ya tatu ni ya mkono unaokunjika, wenye kiwiko kama mkono wako. Faida yake ni kwamba ncha inaweza kushuka karibu na sitaha, kwa hivyo kamba inakuwa fupi na mzigo haubembei sana. Utaziona kwenye meli zinazoshusha vifaa hadi chini ya bahari. Nyingine zina mfumo unaosoma mwendo wa meli na kulegeza au kukaza kamba kila sekunde, ili mzigo utulie kule chini hata meli ikicheza juu. Ni akili ya ajabu. Lakini kila kiungo kina pini, kila pini ina bushi, na kila bushi inataka grisi.

Halafu kuna swali la jinsi kreni inavyokaa kwenye nguzo yake. Kreni nyingi hukaa juu ya beringi moja kubwa ya duara, iliyofungwa kwa bolti nyingi pande zote. Kila kitu, kibanda, injini, mkono, mzigo, opareta, kimeshikwa na hiyo duara. Ikichakaa hadi ikaachana, hakuna kitu cha pili cha kuzuia. Kreni inakwenda baharini. Njia nyingine ni kuwa na nguzo inayoendelea kwenda juu, na kreni inavalishwa juu yake kama kofia. Hapo beringi ikiharibika, kreni inakwama lakini haianguki. Ni nzito zaidi, na kuna wanaoipenda kwa sababu hiyo hiyo moja.

Sasa, beringi kubwa huwezi kuifungua kila mwezi uchungulie. Kwa hivyo mafundi walibuni njia ambayo mimi naipenda sana. Wanapaka grisi mpya, na ile ya zamani inayotoka wanaikusanya, wanaipeleka maabara. Wanatafuta chembe za chuma. Chembe zikiongezeka, beringi inajila ndani. Pia wanainamisha kreni mbele na nyuma na kupima pengo kwa kifaa kinachosoma sehemu ndogo za milimita. Pengo likikua kuliko mwaka jana, kuna jambo. Ni kama daktari na kipimo cha damu. Lakini angalia neno "mwaka jana". Kipimo cha leo peke yake hakisemi kitu. Lazima kuwe na daftari, na lazima mtu wa mwaka jana awe aliandika ukweli.

Wakati mafundi wanajifunza hayo, meli zilikuwa zinakua. Mwaka wa 1963 kampuni ya Heerema ya Uholanzi iligeuza meli ya mafuta ya Norway, Sunnaas, kuwa meli ya kreni ya tani 300. Mwaka wa 1978 wakaleta Balder na Hermod, vyombo vinavyosimama juu ya miguu mikubwa iliyozama, ili wimbi lipite bila kuvitikisa sana. Hiyo ilibadilisha Bahari ya Kaskazini, kwa sababu kazi ya kuinua vitu vizito ilikuwa ikisubiri miezi michache ya kiangazi. Kati ya 1985 na 1987 wakaja majitu wawili ambao leo tunawajua kama Thialf na Saipem 7000, kila mmoja na kreni mbili za kama tani 7,000. Saipem 7000 ndiyo iliyoinua sitaha ya Sabratha, tani 12,150, nje ya Libya mwaka wa 2004.

Hiyo ndiyo historia ya mabango. Sasa nikupe ile nyingine.

Tarehe 27 Machi 1980, chombo cha kulala wafanyakazi kinachoitwa Alexander L. Kielland kilipinduka katika eneo la mafuta la Ekofisk, upande wa Norway. Watu 123 walikufa kati ya 212. Kilikuwa na miguu mitano, mmoja ukakatika. Haikuwa kreni, lakini kila fundi wa kreni za baharini anapaswa kukijua kisa hiki. Ufa ulianzia kwenye mshono wa kuchomelea wa milimita sita, pale walipobandika kifaa kidogo kwenye mhimili. Wachunguzi walikuta rangi ndani ya ufa. Rangi! Maana yake ufa ulikuwepo tayari siku ile chombo kinapakwa rangi kiwandani. Mtu alipitisha brashi juu yake. Mawimbi yakafanya kazi yaliyobaki, kidogo kidogo, kwa miaka. Chuma nacho huchoka kama mtu, na huchoka kimya.

Miaka minane baadaye, tarehe 6 Julai 1988, jukwaa la Piper Alpha lililipuka upande wa Uingereza wa bahari hiyo hiyo. Watu 167 walikufa. Wengi mnajua kidogo kuhusu kisa hiki: valvu ya usalama ya pampu moja ilitolewa ifanyiwe matengenezo, haikurudishwa siku hiyo, na zamu ya usiku ikaiwasha pampu bila kujua. Kitu ambacho hakitajwi sana ni kreni. Valvu ilikuwa tayari jioni ile, lakini kreni ya kuipandisha irudi mahali pake haikupatikana. Basi wakaiacha hadi kesho yake. Kesho haikufika. Sisemi kreni ndiyo iliyowaua, makosa yalikuwa mengi na kubwa kuliko yote lilikuwa la karatasi na kupashana habari. Ninachosema ni kwamba kwenye jukwaa la bahari, kreni si gari la mizigo tu. Ni kiungo cha matunzo ya vitu vingine vyote. Ikikosekana saa moja, kazi ya mtu mwingine inabaki nusu.

Uingereza ilibadilisha sheria nyingi baada ya hapo. Kanuni zake za vifaa vya kuinulia za 1998 zinataka kifaa kinachoinua watu kikaguliwe kwa kina kila miezi sita, na minyororo, kamba na pingu za kufungia mzigo vilevile. Vifaa vingine angalau kila mwaka.

Utaniambia hiyo ni zamani, siku hizi kuna kompyuta. Haya.

Tarehe 2 Mei 2020, mjini Rostock, Ujerumani, kreni mpya kabisa ya meli Orion ilikuwa inafanyiwa jaribio la mzigo. Ilikuwa imeundwa kuinua tani 5,000. Jaribio lilipofika kama tani 2,600, kulabu ilikatika. Mkono wote ukaruka nyuma na kuanguka juu ya meli. Watu kadhaa walijeruhiwa. Kreni haikuwa imeinua hata mzigo mmoja wa kazi.

Tarehe 14 Aprili 2022, karibu na Stavanger, Norway, ikawa zamu ya Saipem 7000. Yule mkongwe aliyebeba Sabratha alikuwa kwenye jaribio lake la kila miaka mitano, akiinua matishari kama mzigo wa kupimia. Kamba ikakatika, matishari yakaanguka, meli ikalala upande mmoja na maji yakaingia. Ndani kulikuwa na watu 275. Wote wakatoka salama.

Mpya ilivunjika, kongwe ikavunjika. Kwa hivyo umri wa mashine haukupi jibu. Ila angalia kitu kimoja: zote mbili zilivunjika kwenye jaribio. Kuna watu walicheka mitandaoni, ati wataalamu wameaibika. Mimi naona kinyume. Jaribio lipo ili kama kitu ni cha kuvunjika, kivunjike hapo, kabla hakijaning'inia juu ya jukwaa lenye watu wamelala. Ni hasara kubwa, ni hatari kwa wanaolifanya, lakini mbadala wake ni mbaya zaidi.

Na kama unadhani matunzo hayalipi, tafuta habari za kreni moja inayoelea iliyojengwa Ujerumani mwaka wa 1941. Baada ya vita Wamarekani waliichukua hadi Long Beach, California, wakaiita Herman the German. Ndugu yake aliyepewa Uingereza alizama na dhoruba akivutwa kwenye Mlango wa Bahari wa Uingereza. Herman akaendelea, anainua tani 350, miaka nenda rudi. Mwaka wa 1982 alibeba ile ndege kubwa ya mbao ya Howard Hughes. Mwaka wa 1996 akauzwa kwa Mfereji wa Panama, akaanza kazi upya ya kuinua milango ya mfereji. Chuma cha 1941! Hakuna muujiza hapo. Kuna vizazi vya watu waliobadilisha kamba kabla haijakatika.

Sasa turudi kwetu, maana sikuandika haya ili tujue majina ya meli za Wazungu.

Mwaka wa 2012 kisima cha Mbawa kilichimbwa kwenye bahari yetu ya Kenya, na gesi ikaonekana, ingawa haikutosha biashara. Kwa jirani zetu wa Msumbiji mambo yameenda mbali. Chombo cha Coral Sul kilifika nje ya Cabo Delgado Januari 2022, na Novemba mwaka huo meli ya kwanza ya gesi ikaondoka. Tanzania nayo ina gesi yake chini ya bahari inayosubiri. Bandari ya Lamu ilianza kupokea meli Mei 2021. Bahari hii itakuwa na kreni nyingi zaidi, utake usitake. Swali ni nani atakuwa anapaka grisi, na kama atalipwa, na kama daftari lake litasomwa.

Naogopa jibu, kwa sababu naijua tabia yetu. Sisi ni watu wa kukata utepe. Mashine ikifika kuna hema, kuna viti vya plastiki, kuna wimbo, kuna waheshimiwa. Mwaka mmoja baadaye hakuna mtu anayejua spea zinatoka wapi. Jengo ninaloishi lina lifti. Nilipohamia ilikuwa na karatasi imebandikwa "Iko kwa matengenezo". Karatasi hiyo imezeeka, imebadilishwa ikawekwa mpya. Lifti bado. Walipata bajeti ya kubadilisha karatasi. Mama wa ghorofa ya sita anapandisha mtungi wa gesi kwa mgongo, na sisi tumezoea, tunamsalimia kwa ngazi.

Hata chuoni ilikuwa hivyo. Darasa letu zima lilitaka kubuni. Kila mtu alikuwa na mchoro wa drone, wa gari la umeme, wa roboti. Sikumbuki mwenzangu hata mmoja akisema ndoto yake ni kuwa mkaguzi wa kamba za chuma. Kwa nini aseme? Hakuna tuzo ya kamba ambayo haikukatika. Hakuna anayepiga picha ajali ambayo haikutokea. Fundi akifanya kazi vizuri miaka thelathini, ushahidi wake wote ni kwamba hakuna habari.

Na hapo ndipo pesa inapopotea. Mkuu akitaka kupunguza gharama, anakata kile ambacho kukosekana kwake hakuonekani leo. Grisi ya mwezi huu ikirukwa, kesho kreni itafanya kazi. Mwezi ujao pia. Kwa hivyo anaonekana ana akili, amepunguza gharama, anapandishwa cheo. Anayekuja baada yake ndiye anayepokea kreni baharini.

Wengine mtasema vihisio vitaondoa kazi hiyo. Ni kweli kuna vifaa vya sumaku vinavyoona nyaya zilizokatika ndani ya kamba, na vipima mzigo ndani ya kibanda cha opareta. Ni vitu vizuri, vinaokoa maisha. Lakini kihisio nacho ni kifaa, kinapigwa na chumvi ile ile, na kinataka mtu wa kukihakiki. Na taa nyekundu ikiwaka, bado kuna binadamu mmoja lazima awe na ujasiri wa kusema "simamisha kazi" wakati meli imekodiwa kwa pesa nyingi kwa siku na bosi anaangalia saa. Ujasiri huo hauuzwi na kampuni ya vihisio. Unatokana na mtu anayeijua kazi yake, na mahali pa kazi ambapo hafukuzwi kwa kusema ukweli.

Kwa hivyo vijana wenzangu, hasa nyinyi mlio kwenye vyuo vya ufundi mnaochekwa na ndugu zenu walio vyuo vikuu: kazi ya ukaguzi na matunzo ya vifaa vya kuinulia ni taaluma kamili. Ina vyeti vyake, ina viwango vya kimataifa vya lini kamba iondolewe, na inatambulika kila bandari duniani. Msiingoje iitwe ya kifahari ndipo muisome. Wakati gesi ya pwani hii itakapoanza kutoka, hao watu wataletwa kutoka nje kama sisi hatutakuwepo.

Na nyinyi wengine, siku mkiona utepe unakatwa mbele ya mashine yoyote, iwe kreni, feri au mashine ya hospitali, acheni kuuliza inabeba ngapi. Ulizeni daftari la matengenezo litakaa kwa nani, pesa za spea za mwaka wa tano ziko wapi, na nani ana mamlaka ya kuizima. Mheshimiwa akishindwa kujibu, tieni tarehe kwenye simu zenu, kisha mrudi hapo baada ya mwaka mmoja mwone kama bado inafanya kazi.